Tuchangie mradi wa kugawa naloksoni, au tutakuwa tunachochea matumizi ya dawa?

*"Daktari, shikamoo. Sisi ni kikundi cha wazazi na majirani. Ndani ya mwaka mmoja tumezika vijana wawili, wote kwa heroini. Mmoja alikuwa ametoka gerezani siku chache tu. Mwingine alikutwa amefariki chumbani asubuhi, na wenzake wanasema usiku walimsikia akikoroma wakadhani amelala. Tumechanga fedha na tunataka zifanye kazi. Ipo asasi inayogawa dawa iitwayo naloksoni kwa watumiaji na familia zao, na kuwafundisha kuitumia. Nusu yetu tunataka kuiunga mkono. Nusu nyingine wanasema tutakuwa tunawaambia vijana wajidunge bila hofu kwa kuwa dawa ya kuwaamsha ipo, na kwamba afadhali fedha ziende kwenye mihadhara ya shuleni au zilipie wachache wakakae nyumba ya kuacha dawa. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba sindano ni kazi ya daktari, si ya mama wa nyumbani. Ungetushauri nini?"*

Marahaba, na poleni sana kwa misiba hiyo. Kuzika vijana wawili huku mnajiuliza kama kulikuwa na la kufanya ni mzigo mzito. La kufanya lilikuwepo. Sisemi hivyo ili mtu ajilaumu. Nasema kwa sababu vifo vyote viwili mlivyovieleza vina dalili zinazojulikana vizuri, na kila kimoja kinaonyesha fedha zenu ziende wapi.

Msimamo wangu nautoa mapema: iungeni mkono asasi hiyo, na sehemu kubwa ya mchango itumike kuwafikishia naloksoni watumiaji wenyewe, kisha watu wanaoishi nao nyumba moja. Wasiwasi wa wenzenu haustahili kubezwa, maana hakuna anayetaka kutoa fedha zake kisha asikie zimeongeza maafa. Ila wasiwasi huo unapungua sana mtu akishaelewa jinsi kifo hiki kinavyokuja, kwa hiyo tuanzie hapo.

Heroini, mofini, kodeini, tramadoli, fentanili na methadoni zote ni za jamii moja, jamii ya afyuni. Zikiingia mwilini hushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea dawa, vilivyomo kwenye ubongo na uti wa mgongo, na hapo ndipo maumivu yanapopoa na mtu akajisikia raha. Vipokezi vya aina hiyohiyo vimo pia kwenye shina la ubongo, mahali panapoendesha pumzi. Kwa kawaida hatuhitaji kukumbuka kuvuta hewa, kwa kuwa shina la ubongo linapima kabonidayoksaidi muda wote, na ikipanda kidogo tu linaamuru mapafu yafanye kazi. Dawa za afyuni hutia ganzi kipimo hicho. Kabonidayoksaidi inapanda, amri haitoki. Mtu anapumua mara kumi kwa dakika, baadaye sita, baadaye tatu, na wala hahisi kwamba anaishiwa hewa. Hatapatapi, haombi msaada. Moyo huendelea kupiga kwa muda hata pumzi ikishakatika, ndipo nao unasimama kwa kukosa oksijeni.

Wapo wanaoanguka dakika chache tu baada ya kujidunga, hasa fentanili ikiwemo, kwa kuwa ina nguvu takriban mara 50 ya heroini na chembe kidogo inatosha kuua. Lakini wengi huzama taratibu, hata kwa saa nzima au zaidi, na muda huo wote wanaweza kuokolewa na mtu aliye chumba kimoja nao.

Ndiyo maana habari ya mkoromo imenigusa. Misuli ya koo inapolegea na ulimi kurudi nyuma, hewa kidogo iliyobaki hupenya kwa shida, na unasikia mkoromo mzito wa polepole, wakati mwingine kama maji yanatokota kooni. Aliyelala usingizi wa kawaida ukimtikisa na kumwita jina kwa nguvu atageuka au atanung'unika. Huyu haamki. Mboni za macho yake zimebana sana, midomo na kucha zinabadilika rangi. Kwa mwenye ngozi nyeusi usitafute ubluu usoni. Fungua mdomo wa chini utazame fizi, tazama na viganja: vinapauka na kuwa vya kijivu. Wenzake wale hawakumtelekeza, walidhani wanamwachia usingizi wake. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kuutofautisha mkoromo ule na mwingine.

Yule aliyetoka gerezani ana habari yake tofauti. Mwili wa mtu anayetumia kila siku huizoea dawa, hata kipimo ambacho kingemuua mgeni yeye kinamtuliza tu. Akikaa wiki chache bila kutumia, mazoea hayo hushuka haraka, lakini kipimo alichozoea bado anakikumbuka. Akitoka, anarudia kilekile. Utafiti wa watu waliofunguliwa kutoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, uliona kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Si gereza pekee linaloleta hali hii. Kulazwa hospitalini kwa muda kunaileta, na kukaa nyumba ya kuacha dawa pia. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Sasa naloksoni. Si dawa mpya. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 na hospitali zimeitumia tangu wakati huo. Inavishika vipokezi vilevile kwa nguvu kuliko heroini, ila yenyewe haivichochei. Ni kama mtu anayemnyanyua mwenzake kitini, akaketi yeye, basi, hafanyi lolote jingine. Afyuni ikishaondolewa pale, shina la ubongo linaanza tena kupima na kuamuru, na pumzi hurudi kwa kawaida ndani ya dakika 2 hadi 3, iwe umedunga kwenye msuli au umepuliza puani. Hailevyi na haina uraibu. Ukimpa mtu ambaye hakutumia afyuni, kwa mfano amezimika kwa kisukari, haitamsaidia wala kumdhuru. Hiyo ndiyo sababu mtu wa kawaida anaweza kukabidhiwa: huhitaji kuwa na uhakika wa ugonjwa ndipo uitumie.

Ina mipaka yake, na mafunzo yoyote yanayoificha ni mafunzo mabovu. Kwanza, hudumu dakika 30 hadi 90 hivi, wakati methadoni na baadhi ya vidonge hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo mtu anaweza kuamka, akazungumza, kisha akazama tena. Pili, haiondoi pombe wala dawa za usingizi kama diazepamu, na wengi wanaokufa huwa wamechanganya. Hata hivyo mpeni tu, kwa kuwa kuiondoa sehemu ya afyuni mara nyingi kunatosha kurudisha pumzi. Tatu, tramadoli inaweza kuleta degedege, na naloksoni haizuii hilo. Huyo ni wa kukimbizwa hospitalini moja kwa moja.

Nije kwa mwenzenu anayesema sindano ni kazi ya daktari. Ningekubaliana naye kama madaktari wangekuwa vyumbani kunakotumika dawa. Ubongo huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi bila oksijeni, na hata gari la wagonjwa lenye kasi ya namna gani ni nadra kufika ndani ya muda huo. Aliye karibu ni rafiki, mama, mpenzi, au mtumiaji mwenzake. Mwaka 1996 asasi ya Chicago Recovery Alliance ilianza kuwapa watumiaji naloksoni mkononi, na miradi mingine ikafuata. Kufikia katikati ya mwaka 2014 miradi ya namna hiyo nchini Marekani ilikuwa imewapa vifaa watu wa kawaida zaidi ya 152,000, nao waliripoti kuwaamsha watu zaidi ya 26,000. Zaidi ya manane kati ya kila maokozi kumi yalifanywa na watumiaji wenyewe. Nawaombeni msiipite haraka takwimu hiyo ya mwisho, kwa sababu ushauri wangu wote umesimama juu yake. Scotland ilianzisha mpango wa taifa zima mwaka 2011. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba yeyote anayeweza kumshuhudia mtu akizidiwa apatiwe naloksoni na kufundishwa kuitumia, na Machi 2023 Marekani iliruhusu ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari.

Nimeketi kwenye mafunzo haya na kutazama mikono ya watu. Mama anayeogopa sindano anapewa kichupa cha kioo. Mwelimishaji, ambaye mara nyingi ni mtu aliyewahi kutumia dawa au bado anatumia, anamwonyesha kukigonga kwa ukucha ili dawa iliyoganda shingoni ishuke, akizungushe kitambaa pale shingoni, akivunje kwa kukisukuma mbali na uso wake. Anavuta dawa yote, miligramu 0.4 ndani ya mililita moja. Anachoma sponji kwa pembe iliyonyooka, kama atakavyochoma msuli wa bega au ubavu wa paja, hata juu ya nguo. Mara ya kwanza mikono inatetemeka. Kabla kikao hakijaisha yeye ndiye anayemwelekeza aliyeketi pembeni yake.

Je, tunawatia vijana moyo wa kutumia? Kwa aliyezoea afyuni, naloksoni huleta arosto papo hapo: anatapika, anatoka jasho, mifupa inamuuma, anaamka na hasira huku hata hajui kilichotokea. Ni hali ambayo mtumiaji hukimbia kila siku ya maisha yake, kwa hiyo hakuna anayejidunga kwa makusudi ya kuja kuamshwa hivyo. Isitoshe, aliyezimika hawezi kujihudumia. Lazima awepo mwingine. Utafiti wa miji na vitongoji 19 vya jimbo la Massachusetts uliohusu miaka ya 2002 hadi 2009 ulilinganisha sehemu zilizokuwa na mafunzo na ugawaji wa naloksoni na zile zisizokuwa nayo. Palipokuwa na washiriki wachache, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27. Palipokuwa na wengi, vilipungua kwa asilimia 46. Kama dawa hii ingekuwa inawasukuma watu kwenye hatari kuliko inavyowaokoa, vifo vingepanda pale ilipogawiwa kwa wingi. Vilishuka zaidi.

Wenzenu wana haki katika jambo moja: naloksoni haitibu uraibu. Atakayeamka ataamka na uraibu wake uleule, na pengine jioni atatumia tena. Kinachobadilika ni kwamba yuko hai, na tiba inaweza kumfikia.

Kuhusu mihadhara ya shuleni sitasema mengi. Kumtisha mwanafunzi kwa picha na visa vya kuogofya hakujaonyesha matokeo ya maana, na anayekaribia kufa mwezi huu hayumo darasani.

Nyumba za kuacha dawa zinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa nia ni njema na mtego ni mkubwa. Nyumba inayomwondolea mtu sumu mwilini kwa siku au wiki kadhaa, kisha kumrudisha nyumbani bila tiba ya kuendelea, imemshushia mazoea ya mwili na kumwachia tamaa yake. Ndiyo hali aliyotoka nayo kijana wenu gerezani. Tiba yenye ushahidi mzito ni methadoni au buprenofini, ambazo zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Mtu akiwa kwenye tiba hiyo, hatari yake ya kufa hushuka kwa nusu au zaidi. Mtasikia watu wakisema huko ni kubadilishana dawa moja kwa nyingine. Tofauti ni kwamba dozi iliyopimwa hukaa mwilini kwa kiwango kimoja mchana na usiku, arosto haiji, anayeitumia halewi wala hasinzii, anaweza kwenda kazini na kulea wanawe. Nyumba mnayofikiria kuilipia ikiwa inaruhusu wagonjwa wake watumie tiba hii, na haimtoi mtu bila naloksoni mkononi, hiyo naiheshimu. Ikiwa inakataza, fedha zenu zisiende huko. Matumizi mazuri ya pili baada ya naloksoni yenyewe, kama kliniki ya methadoni ipo lakini iko mbali, ni nauli: wengi huacha tiba kwa kushindwa kufika kila siku.

Kabla ya kukabidhi mchango, kaeni na viongozi wa asasi muwahoji. Mimi ningeanza na moja: kifaa kikishatumika, mwenyewe anapataje kingine? Jibu zuri ni kwamba anarudi, anaeleza kwa kifupi kilichotokea kama anataka, anapewa kingine siku hiyohiyo, na jina lake haliandikwi popote. Wanaorudi kuchukua kingine ndio kipimo bora cha mradi, kuliko idadi ya waliohudhuria mafunzo na kupigwa picha. Nimeona miradi inayogawa kwa kishindo mara moja, kisha rafu inakaa tupu kwa miezi. Hiyo haimwokoi mtu. Ulizeni pia waelimishaji ni akina nani na kama wanalipwa. Watumiaji na waliowahi kutumia huingia vyumba ambavyo sisi hatufunguliwi milango, na kazi hiyo inastahili malipo kama kazi nyingine. Ulizeni kama wanawafikia wanaokaribia kutoka gerezani. Ninyi mna sababu ya kulisisitiza hilo kuliko mtu yeyote.

Watawauliza kama mnataka kununua za kupuliza puani au vichupa na mabomba ya sindano. Za puani ni rahisi kutumia kwa mwenye hofu, na kwa kawaida bei yake ni kubwa zaidi. Vichupa vinahitaji mafunzo kidogo, lakini kwa fedha ileile hufikia watu wengi zaidi, na wanaojidunga tayari wana ujuzi wa sindano. Kama mfuko ni mdogo, mimi ningenunua vichupa kwa wingi na za puani chache kwa wazazi wazee. Vihifadhiwe mbali na jua na joto. Muda wake ukipita vibadilishwe, ila usiku wa dharura chenye tarehe iliyopita kitumike kuliko kukosa kabisa.

Ombeni pia mfundishwe ninyi, pamoja na wanaopinga. Hatua zenyewe si nyingi. Mwite kwa sauti, msugue kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Haamki? Piga simu ya dharura, au mtume mtu apige. Mpe naloksoni. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano huku ukitazama kifua kinyanyuke. Pumzi ndiyo anayoikosa, kwa hiyo hatua hii inaokoa hata pale ambapo dawa haipo. Kama huoni dalili yoyote ya uhai, bonyeza kifua pia kama ulivyofundishwa. Dakika 2 hadi 3 zikipita bila mabadiliko, mpe dozi nyingine. Akianza kupumua mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, na usimwache peke yake. Maji baridi, maziwa, kumdunga maji ya chumvi, kumpiga makofi au kumkokota atembee havisaidii, vinakula dakika zake. Na msiogope kumgusa: fentanili haiui kwa kugusa ngozi ya mgonjwa.

Yapo mambo ya kushughulikiwa ana kwa ana. Katika nchi nyingi naloksoni bado hutolewa kwa cheti au kupitia taasisi iliyosajiliwa, kwa hiyo kikundi chenu kisinunue chenyewe kabla ya kuzungumza na mfamasia. Mwanasheria naye awaeleze kama anayeita msaada analindwa asikamatwe kwa dawa zilizomo chumbani. Baadhi ya nchi zina sheria hiyo, na hofu ya polisi huwafanya watu wakimbie wamwache mwenzao. Aliyeamshwa kwa naloksoni apelekwe kituo cha afya akaangaliwe kwa angalau saa mbili, na zaidi kama alitumia methadoni au vidonge vya kukaa muda mrefu. Mjamzito anayetumia afyuni asiachishwe ghafla nyumbani; aende kliniki aanzishiwe tiba, kwa usalama wake na wa mimba. Na wale vijana waliosikia mkoromo usiku ule, kama hawalali au wanajitenga, watafutieni mshauri wa kuzungumza naye. Kama nao wanatumia dawa, wao ndio wa kwanza kufikishiwa kifaa.

Mkishakaa na asasi, waombeni makadirio ya vifaa vinavyohitajika kwa mwaka mzima pamoja na vya kujaza vilivyotumika, kisha niandikieni. Nitawasaidia kuyapitia kabla hamjatoa fedha.